Kibiwott Bado Yuko Nje

Mayoni,
Agosti 16, 1981.

Mpendwa Dada Nanjala,

Nakusalimu wewe, shemeji Cornelius na watoto wote. Salamu za Mama zipeleke kando, tafadhali, maana akisikia zimechanganywa na za wengine atanuna. Je, goti lake linavumilia baridi ya Chekalini? Na mahindi yamebeba? Mimi mwili ninao mzima, nakula, naenda kazini, hakuna mahali panaponiuma. Ukiniuliza kama niko sawa, hilo ni swali lingine, na ndilo limenifanya nishike kalamu.

Kwanza nijitetee. Uliandika kwamba nimewatupa, kwamba tangu Pasaka hamjaona hata kisigino changu. Si kuwatupa, dada. Huku miwa imewatia watu wazimu. Mtu anang'oa migomba ya mamake ili apande miwa mpaka mlangoni. Matrekta yanapita tangu alfajiri, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Kiwanda kinasaga bila kupumzika, na sisi wa maabara tunapima utamu wa juisi mpaka jasho letu wenyewe tunalionja. Kila mtu ana haraka. Huyu anajenga, yule anaoa, mwingine amepandishwa cheo. Mimi napima juisi.

Unakumbuka nilikusimulia habari za mchezo wetu, ukacheka mpaka ukamwamsha mtoto, ukasema eti watu wazima na mishahara yao wanacheza kalongolongo kama watoto. Haya, cheka tena, lakini nisikilize. Mchezo ule tuliachiwa na injinia Mwingereza aliyekuja kufunga mashine mpya za kusagia. Waingereza wana jina lao, sisi tuliuita Chombo tu. Hauna ubao wala kete za kusogeza. Mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani ya chombo kinachosafiri kwenye nyota, na mmoja wenu, ambaye ni mimi, anawaeleza wanachokiona huko. Wao wanasema watafanya nini. Dadu inaamua kama wamefaulu, na kitabu cha kanuni kinatuzuia tusipigane.

Nahodha alikuwa Osundwa, yule mwenye miwa nyuma ya soko. Daktari alikuwa Awinja, nesi wa zahanati ya hapa kiwandani. Injini ilikuwa mikononi mwa Kibiwott, fundi wa boila, mtu mpole ambaye akishaweka mguu kwenye chombo anageuka mbogo. Chombo chenyewe tulikiita Sukari Nguru, maana kilikuwa cha kahawia na kimebondekabondeka. Dadu za Mwingereza zilipotea, tukachongewa nyingine na Wanyonyi seremala, nazo zilipenda sana kuangukia nne. Mama Priscah, mwenye nyumba wangu, aliposikia dadu zinagonga meza alikuja mbio kutufukuza, akidhani ni kamari. Tulimweleza. Akaketi, akatusikiliza, kisha akauliza hao watu walioko angani wanakula nini. Jumamosi iliyofuata alituletea benchi lake la kukalia, na ugali.

Dada, sijawahi kuwa na furaha kama ile hapa Mayoni. Naisema wazi.

Sasa, mwezi wa pili tukakwama. Sukari Nguru ilizimika injini karibu na nchi moja yenye majua mawili. Kibiwott akasema anatoka nje kuitengeneza. Akajifunga kamba, akatoka. Dadu ikakataa, kamba ikajizungusha, naye akabaki ananing'inia huko. Awinja akasema kama daktari kwamba hewa ya Kibiwott imekwisha na tukubali amekufa. Osundwa akaapa kwamba hakuna mtu wake atakayekufa kwa sababu ya kamba. Walibishana mpaka ugali ukapoa. Tukapekua kitabu, kitabu kiko kimya kabisa. Kumbe waliokiandika hawakufikiria mtu aliyeachwa nje.

Nikamwandikia Mwingereza. Akajibu kwamba kitabu cha pili, cha kanuni za nyongeza, kinachapishwa, na kina sura nzima ya watu walio nje ya chombo. Kikitoka tu atatutumia. Basi tukakubaliana kwamba hatuchezi mpaka kitabu kifike, na kikifika, tunakutana. Kibiwott akatuomba tusimsahau huko nje, tukamcheka.

Tangu hapo wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila ugomvi. Osundwa alinunua trekta, sasa analala na kuamka juu yake. Awinja aliolewa, akahamia Shirere, anakuja na kurudi kila siku kazini na uso wa mtu anayewaza kuni. Kibiwott alichukuliwa na kiwanda kingine kule upande wa Bungoma, wakampa cheo na nyumba. Nilimsindikiza mwenyewe, nikambebea godoro.

Lakini wote walibaki na neno moja. Tukikutana njiani, badala ya habari yako, wananiuliza kama kitabu kimefika. Osundwa anapaza sauti kutoka kwenye trekta. Awinja ananiuliza dirishani nikienda kuchukua dawa ya kikohozi. Kibiwott ameandika mara mbili, na mara zote mbili swali ni hilo hilo. Nami nawajibu bado, na wao wanasema ole wetu, kikifika tu utuambie, tuna hamu kweli. Tunacheka kidogo. Halafu kila mtu anaenda zake. Kuna juma zima ambalo, ukiondoa kazi, hayo ndiyo mazungumzo yangu yote.

Sasa, dada, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kitabu kimefika. Kilifika Juni.

Nilikichukua posta mwenyewe, nikakileta kwapani kimefungwa gazetini, natembea nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kufika sokoni nikamkuta Osundwa. Akauliza swali lake. Nikausikia mdomo wangu ukisema bado. Sijui kwa nini. Aa, nakudanganya, najua sana kwa nini. Nikisema kimefika, watafurahi, tutataja Jumamosi. Nitaosha vikombe, nitapanga viti. Halafu trekta litaharibika, na mume wa Awinja atakuwa na wageni, na kutoka Bungoma ni mbali. Hakuna atakayekosea. Nitabaki na lile benchi, na kesho yake njiani hata swali halitakuwepo tena. Nimeogopa, dada. Ninaogopa mpaka leo. Juzi Mama Priscah aliuliza kama anaweza kuchukua benchi lake, nikamwomba aliache kidogo.

Kitabu chenyewe nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Kibiwott hajafa. Kanuni inasema hewa ya mtu aliye nje inapitia kwenye kamba, kwa hivyo inamtosha maadamu kamba haijakatika. Ila hawezi kuingia mwenyewe. Mlango unafunguliwa kutoka ndani, na lazima pawe na mtu wa kuufungua. Nilipoisoma hiyo niliweka kitabu chini, nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Mwishoni kuna sura nyingine ambayo sikuitarajia. Inaeleza jinsi ya kuucheza mchezo huu kwa barua, watu wakiwa mbalimbali. Nikakukumbuka wewe, na lile trekta bovu aliloliacha mzungu nyuma ya ghala letu. Wewe ulikuwa dereva kila siku, mimi tanboi, utingo wako. Ulikuwa unaniambia shikilia, tunaingia Kampala, nami nilikuwa naiona Kampala kabisa, na taa zake. Hukuwahi kuniuliza kama nimechoka kucheza. Giza likiingia ulinishika mkono tukarudi nyumbani.

Kwa hivyo nakuomba kitu, na usinicheke, au cheka kisha unijibu. Ukinijibu nitapata moyo wa kuwaandikia wale watatu kwamba kitabu kimefika, kila mmoja barua yake, tuone. Usiponijibu nitaelewa, una watoto na mahindi.

Hivi ndivyo tunavyoanza. Umeamka ndani ya Sukari Nguru. Taa ni hafifu, injini iko kimya, kuna baridi kali kuliko ya Chekalini. Mezani kuna ugali uliopoa na viti vitupu. Mbele yako kuna mlango wa chuma wenye gurudumu la kuzungusha. Unasikia mtu anagonga kutoka nje. Anagonga polepole, kama mtu ambaye amegonga kwa muda mrefu. Unafanya nini?

Dadu nitakurushia mimi, sitakupunja. Mwambie shemeji miwa asiiguse, abaki na mahindi yake. Watoto wabusu kwa niaba yangu, na Mama mwambie Krismasi nitakuja, hata kama ni kwa miguu. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi nduguyo na tanboi wako,
Lusweti.

N.B. Bado anagonga.