Santuri ya Mwadime

Voi, Jumamosi, Desemba 1956

Wameizima tena. Mwaka huu hakuna santuri iliyopendwa Voi kuliko ile ya marehemu mume wangu, Mwadime. Kila hoteli inayo, hata Maungu inapigwa. Lakini nikitokea tu, gramafoni inanyamazishwa, eti kuheshimu msiba wangu. Na nyumbani gramafoni hatuna.

Leo nilijibanza nyuma ya magunia ya makaa, nje ya hoteli ya Mzee Salim. Gitaa likalia, nikamsikia Mwadime akivuta pumzi, vile alivyozoea kabla ya kuimba. Mara Mzee Salim akaniona.

"Zima hiyo, mjane yuko hapa! Pole sana, Mama Mghoi."

Nikasema asante.

Voi nzima inamsikia mume wangu, isipokuwa mimi.