Usiache Kazi Kwanza, Baba Mumo

Khuwair ya Kusini, Maskati

Mpenzi Baba Mumo,

U mzima? Kile kikohozi cha Mumo kimeisha? Na mama, goti linamruhusu kwenda kanisani ama bado anasalia nyumbani? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Ni moyo tu haujatulia tangu wiki iliyopita. Nimejaribu kukueleza kwa simu nikashindwa, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Najua unangoja niseme ndiyo ili umwambie mwalimu mkuu unaacha kazi, mje huku na mtoto. Tafadhali usimwambie. Nisikilize kwanza.

Unaikumbuka ile familia ya Wazungu ya mtaa wa Bustan, Mama Anna na mume wake injinia? Wamekaa hapa karibu miaka ishirini, watoto wote wamezaliwa hapahapa. Kila ulipouliza kama mgeni anaweza kutulia Maskati, nilikujibu, waangalie hao. Wakisafiri walituachia mbwa wao hapa kliniki yetu ya wanyama, nami ndiye niliyekuwa nikimlisha na kumwosha. Mbwa mwenyewe anaitwa Koko. Hawakujua sisi tukisema mbwa koko tunamaanisha nini, na Daktari Salma alinikataza kuwaambia.

Safari hii Mama Anna alisema ni siku mbili tu. Hakukaa kupiga hadithi kama kawaida yake. Alipiga magoti, akamkumbatia mbwa, akatoka bila kuniangalia. Nilidhani ana haraka. Siku mbili zikapita, wiki ikaisha, simu haipatikani.

Daktari Salma akaingiwa na wasiwasi. Unajua yeye ni Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, hana siri na mimi. Akaniambia, "Hebu nenda na dereva mkawatizame. Khofu yangu wasiwe wamepata ajali."

Tulipofika Bustan lango lilikuwa wazi. Ndani alikuwemo mzee mmoja wa kanzu, mwenye nyumba, Mzee Nassor. Aliposikia nikisema na dereva kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili.

"Unawatafuta hawa, mwanangu? Wameshakwenda zao."

"Wamehamia wapi?"

"Wamerudi kwao. Kampuni imemwachisha kazi yule bwana. Hata mie nimepata khabari walipokuwa washafika kwao. Ingia uone."

Baba Mumo, niliingia. Sahani za chai ya asubuhi bado ziko mezani, mayai yamekauka. Mashine ya kufulia imejaa nguo mbichi, zinanuka. Viatu vya watoto vimepangwa pale pale, kana kwamba wako shuleni.

"Nnapangisha wageni tangu ujana wangu," mzee akasema. "Walikuwa wakiaga, tukila pamoja. Siku hizi wengine wanaondoka kama watu wanaokimbia moto."

Kesho yake ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Anna. Alikuwa analia. Kazi ya mume ilipokatika, na kibali cha kukaa nacho ndio basi, maana kilikuwa cha kampuni. Watoto waliambiwa wakiwa ndani ya gari. Hawakuweza kumuaga mtu kwa aibu. Sasa wamebanana kwa nyanya wa watoto, na pale mbwa hawaruhusiwi. Akamwomba daktari amchome Koko sindano, afe bila maumivu.

Daktari Salma aliiweka simu mezani. "Mbwa mzima, hana ugonjwa! Mie sitii mkono wangu hapo." Akanigeukia. "Nami nikwambie kweli, Nduku. Wateja wetu karibu wote ni wageni, na mwaka huu wengi wamekwenda. Nikifunga sehemu hii ya kulaza wanyama, sina kazi nyingine ya kukupa."

"Utafunga lini, daktari?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

Nilienda kwa Koko nikakaa naye sakafuni. Halafu nikamkumbuka Mzee Nassor, maana dereva alisema ana mbuzi kule Al Amerat, nje ya mji. Nikampigia. Akacheka, akasema, "Mbwa wa kulinda mbuzi hana neno kwetu. Mlete." Tulipofika, Koko alikataa kushuka garini, ikabidi nimbebe kama mtoto. Mzee anasema sasa analala zizini, mbuzi wamemzoea.

Kwa hivyo baki hapo shuleni kwako. Mumo asome hapo. Mimi nitafanya kazi maadamu ipo, na tuanze kupanga kurudi kwangu, si kuja kwenu. Nikitoka hapa nataka nitoke mchana, sanduku nimelifunga kwa mikono yangu, sahani nimeosha, na kila mtu nimemuaga kwa jina. Usidhani nimechoka. Nimeogopa tu, na ni heri niogope mapema.

Msalimie mama mkwe wangu, na kaka yako fundi seremala na mkewe. Dada yangu mwambie nitampigia Jumapili baada ya ibada. Mumo umbusu, na umwambie mwenyewe kwamba safari ya ndege imevunjika. Atalia. Mwache alie, kisha umwambie mama ndiye anayekuja.

Wako anayekupenda,
Mama Mumo