Mwanamke wa Ukutani

Gakindu, Mukurweini
Jumapili, 14 Novemba 1993

Kwa binti yangu Watiri,

Bwana asifiwe. Baridi ya Nanyuki imekuachia kifua, ama bado unakohoa? Watoto wanakula vizuri? Sisi huku tuko, kahawa imeiva na wachumaji ni wachache.

Utaona mwandiko unapinda. Leo sikumwendea mwalimu Wamae aniandikie kama siku zote. Nimeandika mwenyewe, kwa hii elimu yangu ya ngumbaru, kwa sababu maneno haya siwezi kumpa mtu mwingine ayaandike.

Ni juu ya ndugu yako Theuri. Najua ulisema nisikutajie jina lake. Soma tu, mama.

Unajua tangu atoke Molo mwaka jana, ndugu yangu Kingori alipochomewa ndani ya nyumba, Theuri alikuwa halali wala haongei. Mwezi wa saba nesi mmoja wa Othaya, anaitwa Mbeti, akampa karatasi na rangi. Akaniambia kichwa cha huyu kimejaa na mdomo umekataa kufunguka, basi mkono utoe. Nisimuulize kitu, na nisifute kitu. Mimi nilicheka moyoni, ati mtu wa miaka thelathini kupewa rangi kama mtoto wa nasari.

Lakini alichora. Karatasi zikaisha, akachukua makaa na udongo mwekundu, akahamia ukuta wa jikoni. Wiki ya tatu akalala mpaka kukapambazuka. Akaitisha githeri, akala. Akaenda kuchuma kahawa, hata akamtania jirani yetu Mutahi ati anachuma kama anayeogopa kuuamsha mti.

Alichora nyumba, moto, na mjomba wako mlangoni. Kando akaweka mwanamke aliyefunga kitambaa kama changu, hana masikio. Nilidhani amesahau. Kila siku anaongeza kitu, moshi, ng'ombe, hata vifungo vya koti la mjomba. Masikio haweki.

Jumatano ilikuwa zamu yangu kina mama wa kanisa waje kuomba kwangu. Mke wa Mutahi alikuwa ameshasema picha ile inaita wafu nyumbani. Asubuhi nikakoroga chokaa, nikapaka ukuta wote. Theuri aliporudi akasimama pale, akaugusa, kidole kikatoka cheupe. Hakuniuliza. Akaenda kukaa nyuma ya jikoni, na hakuonja chakula tena, ni maji tu. Juzi Mbeti alikuja. Akasema akimkuta hivyo Jumatano atampeleka Nairobi akalazwe. Akaniuliza kwa nini nilifuta. Nikasema nililazimishwa na kina mama. Akaniuliza tena kama ni hilo tu. Nikasema ndiyo.

Watiri, si hilo.

Wiki mbili kabla ya ule moto Theuri alikuja hapa. Wewe hukujua. Kule Molo walikuwa wametupiwa karatasi za kuwaambia wahame, na mjomba wako alikataa kutoka mpaka mimi dada yake mkubwa niseme. Theuri alikuja kuchukua neno langu. Nikamwambia huo ni uvumi wa sokoni, hakuna mwanamume anayeacha mahindi shambani kwa sababu ya karatasi. Nikamfungia viazi vitamu vya njiani, nikamrudisha.

Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu wote kwamba Theuri aliokoa ngozi yake akamwacha mzee aliyekusomesha. Nilikuwa nimekushika mkono. Theuri akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Hajaongea vizuri tangu siku hiyo, na nesi nilimwambia ni moto.

Leo sikuenda kanisa. Nimekaa naye chini, nikamwambia, "Yule mwanamke ni mimi."

Kisha akasema, "Najua, Mama. Nilikuwa sijamaliza kumchora."

Amekunywa uji nusu kikombe. Makaa nimemletea, hajayashika.

Barua hii anakuletea Mutahi, anakuja huko kesho kutafuta mbuzi. Njoo kabla ya Jumatano. Mimi unigombeze, unayo haki, nitakaa nisikie mpaka umalize. Lakini kwanza uende kwake nyuma ya jikoni, umwambie lile neno la makaburini umelirudisha. Sijui kama atakuitikia. Wewe umwambie tu.

Nisalimie mkwe wangu Mwaniki na watoto, na nyanya yao anawabusu mmoja mmoja. Mungu akufungulie njia ufike salama.

Ni mimi mama yako,
Nyaguthii