Ndoo ya Chokaa ya Selestini Kalinga

Mwaka umetimia, Selestini, tangu ile tarehe 14 Juni 1977 ulipoaga nyumbani Ilomba kwenda kazini Iyunga, na saa sita mchana wenzako wa maabara ya maji wakakurudisha umefunikwa shuka. Moyo ulisimama, walituambia. Yako mambo yaliyotokea baada ya hapo ambayo hukuyaona, na tunataka uyasikie kutoka kwetu.

Ulipima maji ya watu miaka kumi na minne. Mkulima akija na chupa ya maji ya kisima chake, hukumwambia arudi wiki ijayo. Ulimpa kiti, ukapima mbele ya macho yake, ukamweleza polepole mpaka aelewe. Nyumbani hukunywa chai kabla ya kuuliza maji yametoka bomba lipi. Mkeo Verediana alikutania kwamba iko siku utampimia hata mchuzi. Ukaupima kweli, ukasema uko salama.

Halafu ukaenda kozi Dar es Salaam, ukarudi kwa treni na pipa la maji ya bahari, ndani yake mawe ambayo ulisema yako hai. Ulitengeneza tangi la kioo sebuleni, ukaweka taa, hita na pampu ya hewa. Watu wa Ilomba walikuja kuyatazama matumbawe yakichanua. Lile kubwa lenye matawi ulilibatiza Bwana Mkubwa, kwa kuwa lilijifunga kila mgeni alipoingia. Kila mwezi ulichora mstari mdogo kwenye kioo, kwa penseli ya nta, pale ncha yake ilipofika.

Verediana aliliogopa tangi hilo tangu siku ya kwanza. Aliogopa kioo kitapasuka, aliogopa umeme utakatika wakati wa baridi ya Juni, na zaidi ya yote aliiogopa siku utakayosafiri umwachie yeye. Ulicheka ukamwambia husafiri tena.

Ulikuwa umemweleza, naye alisikiliza kwa sikio moja, ugali ukiwa jikoni. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa vitu viwili vilivyomo majini: kalsiamu, na ile nguvu uliyoiita alkalini. Yakijenga, vyote viwili hupungua, nawe unarudisha kidogo kidogo. Kalsiamu ulirudisha kwa chokaa ya Songwe: unaikoroga kwenye ndoo, unaiacha itulie, unachota maji maangavu ya juu. Alkalini ikipungua zaidi ulitia magadi, haya haya ya kulainishia maharage, yaliyochujwa. Chokaa asubuhi, magadi jioni. Kwenye daftari lako uliandika namba mbili, 400 ya kalsiamu na 8 ya alkalini, ukapiga mstari chini yake.

Msiba ulipoanza, viti na kabati vilitolewa nje kama kawaida, mikeka ikatandikwa. Tangi halikuwezekana kutoka. Mjomba mmoja akashauri maji yamwagwe, nyumba ipumue. Verediana alikuwa hajasema neno tangu makaburini. Hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Hayo ni maji ya Baba Juliana," alisema. "Yabaki."

Yakabaki, ila hakuna aliyejua la kuyafanya. Siku ya nne Verediana alikwenda kanisani kuandikisha misa yako. Dada yako Kalista alibaki sebuleni. Ndiye aliyekulea Iringa baada ya mama yenu kufariki, akakupigia pasi kola za shule kwa wanga wa viazi aliouchuja kwa mikono yake. Aliona matumbawe yamesinyaa, akaona ndoo yako ya chokaa pembeni, akakumbuka ulivyokuwa unayalisha. Akafanya kama anavyofanya mwanamke yeyote aliyewahi kuchuja wanga: akamwaga maji ya juu uani, na ule weupe mzito wa chini akautia tangini. Kisha, asionekane mchoyo kwa mawe ya mdogo wake, akaongeza magadi papo hapo.

Verediana alirudi akakuta tangi jeupe kama uji. Taa ilikuwa inawaka lakini halikuonekana jiwe hata moja. Kalista alikuwa amekaa chini, ndoo mapajani.

"Wifi," alisema, "nimemuua mara ya pili."

Verediana naye aliamini hivyo hivyo. Alitoka mbio na kanga yake ya msiba mpaka Iyunga, kumwita Asukile mliyekuwa mkikaa naye meza moja maabara.

Asukile alikuja na chupa zake. Alihesabu matone mpaka rangi ikabadilika, akahesabu tena. Verediana alisema baadaye kwamba hata siku ulipoletwa hakuogopa vile, kwa sababu siku ile hapakuwa na la kusubiri. Alkalini ilikuwa imeshuka kutoka nane hadi tano, na kalsiamu hadi mia tatu. Hakuelewa. Vimetiwa vingi, vimepunguaje?

"Vikikutana vingi kwa pamoja vinashikana, shemeji," Asukile alimwambia. "Vinageuka mchanga. Mawe hayapati hiki wala kile."

Verediana akashika kopo la magadi ili arudishe kilichopotea. Asukile akaliweka mbali. Alisema kosa la pili litakuwa haraka. Alitoa maji machafu, akatia yale madumu mawili ya maji ya bahari uliyokuwa umeyahifadhi chini ya kitanda, na upungufu uliobaki ukaachwa urudishwe taratibu, siku hadi siku.

Basi mkeo akawa mpimaji, Selestini. Juni ile yote na Julai alilizungushia tangi mablanketi, na umeme ulipokatika aliweka chupa za maji ya moto zielee tangini moja moja. Kila asubuhi alichota maji ya juu ya ndoo kwa kikombe cha chai, akaacha kumwaga akiona hata chembe moja nyeupe. Alihesabu matone kwa sauti, na mara nyingi alirudia. Alipokwenda sokoni alirudi katikati ya njia. Bwana Mkubwa alikuwa amejifunga, na matawi yake matatu yakawa meupe pe, yakafa.

Kalista alirudi Iringa. Aliandika barua kila wiki kuuliza hali ya watoto, hali ya baridi, na mwishoni, kwa mwandiko mdogo, hali ya mawe. Verediana alijibu kwamba bado.

Tarehe tisa Agosti, asubuhi, namba zilikuwa 400 na 8. Verediana alipima mara tatu. Alipoinua macho, tawi moja lilikuwa limechanua, akakaa kwenye mkeka akalia kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Siku ile ile alipeleka simu ya maandishi Iringa: LIMEFUNGUKA. Karani wa posta alimuuliza duka la nani.

Jumapili iliyopita Kalista alikuja kwa ajili ya misa yako ya mwaka. Tangu siku ile ya chokaa hajagusa ndoo katika nyumba hii, hata ya kuogea. Verediana alimshika mkono, akamsogeza mpaka kwenye kioo, akamwonyesha mstari wako wa mwisho, ule wa Juni. Ncha ya tawi lile lililochanua imeupita. Kalista alidhani anaitwa aufute. Verediana akampa penseli yako ya nta.

"Chora wewe, wifi."

Kalista alisema anaogopa. Verediana akamwambia kwamba na yeye anaogopa kila siku, anaogopa hata sasa, na kwamba apime tu. Kalista akachora mstari uliopinda. Kati ya mstari wako na wake ni upana wa kidole. Walisimama pale, mkeo na dada yako, wakitazama kitu kilichoota ambacho wewe hukukiona.

Unakumbukwa na mkeo Verediana. Wanao Juliana na Marcelino. Dada yako Kalista na ukoo wote wa Kalinga, Iringa. Rafiki yako Asukile na wenzako wa maabara, Iyunga. Na majirani wa Ilomba.

Hutatutoka moyoni, Selestini. Ndoo yako iko palepale, na tunachota ya juu tu.