Gari la Babu Limeacha Kuchuchumaa

Mtinko,
5 Mei 2024

Mume wangu Selemani,

Salamu nyingi zikufikie huko Arusha. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikataa. Mbuzi wazima, alizeti imekauka vizuri. Wewe je, unakula? Sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeshindia chai. Simu nimeiacha, inakata maneno katikati. Barua, Damari ananisomea mpaka nitosheke.

Damari mke wa Kefa ndiye anayeandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Shida yangu ni dada yako. Mboni ana mimba ya miezi mitano. Nesi amesema mwezi wa nane tumpeleke mjini akakae karibu na hospitali, ila njiani asirushwerushwe, maana ile ya kwanza ilitoka na hii nayo imeshaonyesha damu. Gari ni lile lile la marehemu babu yako. Likipakiwa nyuma linachuchumaa kama mtu anayeharisha, na tukifika korongoni linagonga chini, ngo! Meno yote yanalia. Kefa anayeliendesha anasema springi zimechoka. Mimi nasema Kefa ndiye amechoka. Hapo Damari ameinua kalamu. Nimemwambia andika.

Wewe unatengeneza magari ya watalii. Nitengenezee na hili.

Bibi yako,
Zabibu


Arusha,
14 Mei 2024

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, na nakula. Jana nilikula ndizi nyama mpaka nikalegeza mkanda. Mpe Mboni pole, mwambie namuombea kila siku.

Picha za gari alizonitumia Kefa kwa simu nimeziangalia. Springi ni nzima, mwombe msamaha. Kinacholielemea gari ni mzigo. Kwenye boksi hili kuna mifuko miwili ya mpira mgumu. Gari la babu nyuma lina springi za koili, zile zilizojizungusha kama nyoka. Kefa aingize mfuko mmoja ndani ya kila springi, kisha aujaze upepo kwa pampu ya tairi. Mkipakia, ajaze mpaka gari lisimame sawa. Mkishusha, apunguze. Lakini asiutoe upepo wote. Mfuko ukiwa mtupu springi inaukunja, inaubana, na utapasuka.

Mjukuu wako,
Selemani


Mtinko,
9 Juni 2024

Mume wangu,

Habari za huko? Sisi wazima, Mboni tumbo limetangulia mbele kama mgeni rasmi.

Mungu akupe maisha marefu, na mke anayejua kupika. Mifuko imeingia. Gari limesimama kama bwana harusi. Nilipanda nyuma makusudi, nikamwambia Kefa pita korongoni. Halikugonga. Nilikushukuru pale pale kwa sauti, Kefa akadhani naongea naye.

Kijiji kizima kinakushukuru. Zamani gari likichuchumaa tulijua limeshiba. Sasa halichuchumai, basi watu wanaongeza tu. Mzee Laurian ameleta magunia yake ya alizeti, Magdalena ya kwake, na wengine juu yao. Kefa anatia upepo, gari linanyooka, tunakwenda mashineni mjini.

Sikatai mtu, na unajua kwa nini. Hao ndio waliombeba Mboni kitandani siku ile ya mvua mimba ya kwanza ilipoharibika, gari likiwa bovu, matope magotini, mpaka barabarani. Mtoto hakupona, lakini Mboni alipona. Nitawaambiaje hapana?

Bibi yako anayekupenda,
Zabibu


Arusha,
16 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Barua yako niliisoma nikiwa chini ya gari, nikainuka ghafla nikajigonga kichwa.

Mifuko haijaliongezea gari nguvu, Bibi. Imelinyoosha mgongo tu. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, na mzigo linaoweza kubeba ni ule ule wa zamani. Sasa hamuoni likizidiwa, kwa hiyo ni hatari zaidi.

Waambie watu hapana. Najua hao huwezi kuwakatalia. Na mimi wananidai heshima ile ile, Mboni ni dada yangu. Lakini waambie.

Mjukuu wako,
Selemani


Mtinko,
28 Julai 2024

Selemani,

Hujambo? Sisi tupo. Barua yako ile sikuijibu. Ilinikera kwa sababu ulisema kweli.

Mfuko wa kushoto umekufa. Tulishusha magunia mjini, tukarudi watupu, gari limekakamaa, linaruka kama mbuzi dume. Nikamwambia Kefa, toa huo upepo wote. Akasema, "Bibi, Selemani alikataza." Nikamwambia, Selemani hayupo hapa, makalio yangu yapo. Akatoa. Tulipofika nyumbani springi ilikuwa imeshaung'ata mfuko, umechanika.

Bakuli la jirani likija na chakula, silirudishi tupu hata siku moja, angalau natia karanga. Mfuko nao ulitaka kuachiwa kidogo tu, nikaunyima.

Mboni tunampeleka tarehe kumi Agosti. Juzi ameona damu tena, kidogo. Sijalala vizuri. Niambie la kufanya.

Bibi yako


Arusha,
31 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijakasirika. Nimewasomea mafundi wote hapa gereji habari ya makalio, wanakusalimia sana.

Mfuko mwingine nimeagiza Dar es Salaam, hautawahi hiyo tarehe. Kwa hiyo Kefa autoe na ule mzima. Msiache upande mmoja tu, gari litalala upande. Springi zenyewe zitawabeba Mboni, wewe na Kefa bila kugonga, akienda polepole. Lakini iwe ninyi watatu tu. Magunia yakipanda, korongoni litagonga, na hilo ndilo nesi alilolikataza.

Msimu wa watalii bosi hatoi ruhusa, nimeomba nikanyimwa. Sitakuwepo. Upo wewe.

Mjukuu wako anayekuogopa na kukutegemea,
Selemani


Singida mjini,
18 Agosti 2024

Mume wangu Selemani,

Leo kalamu anayo Kefa. Tulia, ukae chini, ndipo usome. Sote wazima.

Siku ile asubuhi watu walikuja na magunia, kama kawaida gari likienda mjini. Laurian mbele. Nikasimama mlangoni mwa gari nikasema, leo hapana. Akaniuliza, "Hata langu, Zabibu?" Nikamwambia, hata lako, na wewe ndiye uliyeshika kitanda upande wa kichwa. Nikalia. Mbele ya wanaume, mimi.

Akainua gunia lake akaondoka. Wote wakamfuata. Mboni alikuwa anamalizia uji, Kefa anapima upepo wa matairi, mimi nimekaa kwenye kizingiti nasema moyoni, nimewapoteza watu wangu.

Jua lilipokuwa juu ndipo tukaondoka, polepole. Kufika korongoni nikawakuta. Alizeti walikuwa wameimwaga majumbani kwao, magunia wameyajaza mchanga, wameyapanga korongoni kutoka ukingo hadi ukingo. Magdalena bado ana jembe mkononi. Laurian akampungia Kefa mkono, njoo, njoo, kama anaongoza lori. Tukapita juu ya magunia yao. Halikugonga. Mboni alikuwa amelala, Selemani. Alipita pale amelala.

Mtoto amezaliwa Alhamisi. Wa kike, analia kama honi ya basi. Mama yake anakula mpaka naona wivu.

Mfuko wako mpya umefika, Kefa ameapa hatautoa upepo wote hata nikimpiga. Nami nimeapa kuyanyamazisha makalio. Boksi nakurudishia kwa basi la kesho. Ndani kuna asali, mlenda mkavu, na jogoo aliyekaangwa, mle na mafundi wenzako.

Jana Kefa alipita kijijini. Nilimtuma amwambie Laurian akachukue magunia yake, msimu bado unaendelea. Laurian amejibu yakae hapo hapo, Mboni bado hajarudi na mtoto.

Bibi yako,
na bibi wa mwingine tena,
Zabibu