Miche Elfu Hamsini na Mbuzi wa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, kabla hujacheka naomba unisaidie, maana mimi ni ofisa misitu na sijui nitauficha wapi uso wangu. Kilima chetu kilimalizwa na wachoma mkaa, nikapewa kazi ya kukirudishia msitu, na kwa miaka mitano tumepanda miche elfu kumi kila msimu wa mvua, wakubwa wanakuja, tunapiga picha, mgeni rasmi anapanda mche wake kwenye shimo lile lile la mwaka jana kwa sababu lilishachimbwa na liko karibu na viti, nami naandika kwenye ripoti kwamba miche imepandwa, na kweli imepandwa, hapo sijadanganya. Tatizo ni mbuzi. Magari ya wakubwa yakiondoka tu, mbuzi wanapanda kilimani, na mbuzi wenyewe ni wa mama mkwe wangu, na mimi kumwambia mama mkwe afunge mbuzi wake, mdomo unakuwa mzito, juzi nilijikaza nikaenda kwake, nikaishia kunywa chai na kumsifia beberu.

Sasa sera imebadilika, hawahesabu tena miche iliyopandwa, wanahesabu miti iliyo hai, na wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Kiwewe kikanipata, nikaingia kwenye kipande cha msitu wa asili kilichobaki bondeni, nikakata matawi mia tatu na kuyachomeka kilimani kwa mistari. Mke wangu aliponikuta na panga alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza kunaniumiza. Matawi yameanza kunyauka, nafikiria kukata mengine. Nikifukuzwa kazi nitaishije? Nifanyeje?

Ofisa Niliyebanwa

*

Ofisa, nimecheka, nisamehe. Kwenye beberu nilicheka. Kwenye panga sikucheka. Umeukata msitu uliopewa uulinde, ili uonyeshe kwamba msitu umeota! Wachoma mkaa angalau mkaa wao watu waliupikia.

Panga weka chini leo. Kang'oe hayo matawi kwa mikono yako, mchana, watu wakuone. Kisha mwandikie mkuu wako kabla wakaguzi hawajafika, na yale ya bondeni uyaandike pia. Usiniletee habari za "changamoto za mifugo". Andika mbuzi, na andika ni wa nani. Huenda ukapoteza kazi, sikufichi. Ila ukikamatwa na matawi makavu utaipoteza kwa hakika.

Halafu wewe ni mtu wa misitu, nikufundishe mimi? Miti ya kilima hicho ilikatwa, haikung'olewa. Visiki vinachipua kila mvua na mbuzi wanamaliza. Omba msimu huu usiletewe miche wala mgeni rasmi, uletewe uzio na walinzi. Na hilo shimo lifukie, limeshameza vya kutosha.

Sasa mkeo. Hakunyamaza kwa ajili ya kazi yako, kaka yangu. Mbuzi ni wa mama yake, na miaka mitano yote hujamwomba akusaidie kusema. Mwombe leo. Nendeni wote wawili, aanze yeye, wewe umalizie kwa adabu zako zote. Chai ikija, usiguse kikombe kabla neno halijakutoka. Na beberu utamsifia akiwa zizini, mlango umefungwa.