Noti Iliyokutaka Bila Jina

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini adabu ni adabu, na leo nina hasira, kwa hiyo bora nikuamkie kabla sijaharibu.

Unamkumbuka yule mpiga picha aliyekuja na gari la wageni wakati tunapepeta uwele? Ulikuwa umejifunga khanga mpya, ile ya harusi ya kaka Yona. Akakuomba uivue, ujifunge iliyochakaa. Kisha akakukataza kucheka, maana picha ilikuwa ya ukame. Ukaninong'oneza, "Hawa wanataka njaa, na mimi nimeshiba mlenda." Nilicheka mpaka pumba zikaniingia machoni. Akapiga picha zake akaondoka. Jina hakukuuliza.

Mwaka uliofuata ukaikuta sura yako kwenye kalenda, ukutani kwa mtendaji wa kijiji. Kaka Yona akakusomea maneno ya chini yake: Mwanamke wa Kanda ya Kati. Ukaitazama weee, halafu ukauliza, "Huyo Kanda ya Kati ni wa ukoo gani? Mimi nina baba." Watu wakacheka. Wewe hukucheka.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita kulikuwa na mjadala wa wazi katika ukumbi mmoja hapa mtaani kwangu, Area D: sura ya yule mzee wa kwenye noti ibaki, au iwekwe nyingine? Nilikwenda nikiwa upande wa mabadiliko. Kazini Mtumba, kwenye ofisi za serikali, nilikuwa nimebishana na wenzangu wiki nzima kwamba wanawake nao waliijenga nchi hii. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo hivyo ukumbini. Kabla zamu yangu haijafika, akasimama kijana mmoja mwenye suti, akasema ametengeneza noti ya mfano. Akaionyesha ukutani, kubwa.

Ulikuwa wewe. Ungo wako, khanga iliyochakaa, chale yako ya kwenye paji la uso, na mdomo uliokatazwa kucheka.

Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Huyo ni nani?"

"Si mtu fulani, dada," akanijibu kwa upole kabisa. "Ni mama yeyote wa Kitanzania. Tukiweka mwenye jina, watu watagombana."

Mama, nilikasirika, na ninavyoandika hivi bado nimekasirika. Yule mzee jina lake wanalijua hata watoto wa chekechea. Wewe uingie kwenye kila mfuko wa nchi hii, ukunjwe, ufungwe kwenye mapindo ya khanga za watu, na usiwe mtu fulani?

Unajua mtoto hataji jina la mzazi wake. Ulinichapa siku nilipolitaja la kwako kwa utani mbele ya shangazi, na tangu hapo halikupita mdomoni mwangu. Hata siku tulipokuzika, aliyelitaja ni mchungaji. Jumamosi nililitaja mimi, kwenye kipaza sauti.

"Anaitwa Sechelela," nikasema. "Ni mama yangu. Na siku hiyo alikuwa ameshiba."

Mwenyekiti, mama mtu mzima, akasema, "Pole, binti yangu. Basi familia mjivunie." Nikatoka nje kidogo, nikampigia kaka Yona, nikidhani yeye ataelewa. Akasema, "Mama kuingia kwenye noti, wewe unagomba nini?" Nikamkatia simu, na mpaka leo hatujaongea.

Nikarudi ndani, na walipotaka mikono ya wanaokubali mzee abaki, wangu ulikuwa juu. Mimi niliyewachosha watu wiki nzima. Wenzangu wa Mtumba waliokuwepo walinitazama kama nimerogwa, na wanitazame. Mwanamke na awekwe, hata kesho, nitamnyooshea mikono yote miwili. Lakini awekwe na jina lake, na khanga yake mpya.

Sikuombi msamaha kwa kulitaja jina lako. Ungekuwepo ungenichapa, ningechapwa, na wakikutana tena ukumbini nitalitaja tena.

Pumzika, mama, na ucheke unavyotaka. Huko hakuna wa kukukataza.

Ni mimi kitindamimba wako,
binti wa Sechelela.